Upande wa Mkwe

Mama yangu anaamini hadi leo kwamba mimi nauza bima. Nimemweleza mara nyingi, yeye akiwa nyuma ya kaunta ya duka letu la vitambaa mjini Kisii, kwamba nimeajiriwa na shirika la kimataifa linalosaidia watu waliopatwa na shida, na kwamba kazi yangu ni kuangalia hatari.

"Hatari gani?" huniuliza.

Zote, humjibu. Gari kupinduka, dawa kuharibika, mfanyakazi kuumia, jina la shirika kuchafuka.

"Basi si ndiyo bima hiyo," husema, na kumgeukia mteja.

Mwaka mmoja makao makuu, yaliyo ng'ambo, yalizitaka ofisi zote zitamke ni hatari kiasi gani ziko tayari kubeba. Wazo lenyewe lina akili. Shirika kama letu haliwezi kukwepa hatari. Likitaka usalama mtupu, basi likae ofisini linywe chai. Kwa hiyo ni heri liseme waziwazi: hatari hii hatuigusi hata kidogo, hii tutaibeba kidogo, na hii tutaibeba kwa moyo mmoja kwa sababu bila hiyo hakuna anayesaidika. Sisi wa ofisi ya Kisii na Nyamira tulikaa kikao asubuhi nzima, na kwa kila hatari iliyotajwa tukajibu hapana kabisa. Barabara mbaya? Hapana kabisa. Mvua ya mawe? Hapana kabisa, kana kwamba mvua ya mawe ya Nyamira huomba ruhusa. Tulijiona watu makini sana. Makao makuu waliposoma majibu yetu waliona kwamba ofisi inayojibu hivyo imeshajifunga yenyewe, wakatuma mtu.

Mtu huyo alikuwa mama mrefu, mcheshi, mwenye buti nzuri ambazo dereva wetu alizionea wivu tangu alipozitia machoni. Siku ya kwanza alikula ndizi za kuchemsha akaomba tena, na ofisi nzima ikampenda. Hakujua Kiswahili, nami nikapewa kazi ya kuwa ulimi wake. Alikuwa amesoma habari zetu zote kabla ya kuja, na jambo moja lilikuwa limemnyima usingizi: pikipiki ya kigari.

Ng'ambo ya Kenyenya kuna kilima ambacho mvua ikinyesha hakuna gari linalokipanda. Udongo wake mwekundu hugeuka sabuni. Zahanati iko chini, watu wako juu, na mvua yenyewe huja karibu kila alasiri. Shirika lilikuwa limewapa akina mama wa kilimani pikipiki iliyofungwa kigari chenye godoro na turubai, ya kuwateremsha wagonjwa na wajawazito. Dereva wake alikuwa mwanamke wa papo hapo, Msabato, ambaye kila akiteremka huimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa. Wengine walisema ni imani. Yeye mwenyewe aliniambia ni kwa sababu honi haifanyi kazi.

Sasa, kwenye karatasi, mama mwenye uchungu wa kuzaa ndani ya kigari cha pikipiki, kwenye mteremko, wakati wa mvua, ni jambo la kutisha. Mgeni wetu hakuwa mkatili. Aliniambia akiwa ameshika tama kwamba kama wanawake wenyewe wanaiogopa, hana budi kupendekeza isimamishwe, na neno lake ndilo litakalofuatwa. Mimi nilikijua kilima kile. Nilijua pikipiki ikiondoka hakuna kitu kingine kitakachokuja mahali pake. Nilikwenda kwenye mkutano na watu wa kilimani, ulioitishwa Kenyenya, nikiwa na roho mkononi.

Mgeni alikuwa na mbinu yake. Hakutaka watu waketi na kuitikia tu, maana alikuwa amezunguka nchi nyingi na alijua kwamba watu wenye adabu huitikia chochote. Aliniomba nibandike utepe wa gundi sakafuni, kutoka ukuta mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Mwisho mmoja nikaweka bango lililosema HAPANA KABISA, na mwisho wa pili TUKO TAYARI. Kila mtu angesimama kwenye utepe pale moyo wake ulipo. Nikauliza swali kwa Kiswahili, kisha kwa Ekegusii changu cha sokoni, ambacho huwachekesha watu hata nikisema habari za msiba: mama ameshikwa na uchungu, mvua inanyesha, ateremshwe kwa pikipiki au asiteremshwe?

Aliyetangulia kuinuka alikuwa katibu wa kamati ya kilima, mama kijana mwenye mimba kubwa, iliyobakisha siku chache tu. Akatembea polepole hadi HAPANA KABISA, akaketi kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa pale ukutani. Nyuma yake akainuka mwenyekiti wa kamati, mzee mwembamba mwenye kofia, baba mzazi wa mume wa yule katibu, kama nilivyokuja kujua baadaye. Mzee akatupa jicho alipoketi mkamwana wake, akageuka, akaenda zake moja kwa moja hadi TUKO TAYARI.

Baada ya hapo ukumbi ukaanza kuzunguka. Mama mmoja alikwenda upande wa mzee, akakuta mkwe wake amekwisha kusimama hapo, akarudi nyuma haraka na mkono mdomoni. Mzee mwingine aliyekuwa njiani kuelekea kwenye hapana akasita, akakohoa, akageuza. Watu walikuwa wakipishana kama wageni wa harusi wanaotafuta viti vyao. Walipotulia, wanawake walioolewa kilimani walikuwa wamejazana upande mmoja na wazee upande wa pili, na katikati pametanda utepe mtupu.

Mgeni alinishika kiwiko. Akaninong'oneza kwamba hajawahi kuona jibu lililo wazi namna ile, na kwamba linamsikitisha. Wanaobebwa wanakataa. Wasiobebwa kamwe ndio wanaosema wako tayari.

Kwa macho yangu nilikuwa nimeona alichoona yeye. Tena nilikasirika, si haba. Niliwakasirikia akina mama kwa kutoniambia mapema, nikawakasirikia wazee kwa kutoa miili isiyo yao, na nikamkasirikia mgeni kwa kuwa na macho.

Chakula cha mchana kilikuwa ndizi, kuku na chinsaga, ile mboga chungu ya Wagusii ambayo mtu akiizoea hawezi kuiacha. Nilibeba sahani yangu nikaenda kuketi karibu na katibu. Sijui kuficha hasira, hutoka puani.

"Dada, kumbe hamuitaki pikipiki?"

"Nani amesema?"

"Si umekwenda kusimama kwa hapana kabisa, mbele ya mgeni?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mimi sikusimama. Mimi nilikaa. Miguu ilikuwa inauma na kiti ilikuwa huko."

"Na hao akina mama wengine?"

"Waliona wazee wameenda upande ile ingine. Watafuata wazee waende kubanana nao? Utasimamaje karibu na baba ya bwana yako, madam? Hiyo ni chinsoni."

Kijiko kilinigandia mkononi. Nimezaliwa Kisii. Babu zetu walikuja na biashara kutoka huku na kule, wakaoa, wakazaa, wakasahau kuondoka. Chinsoni ninaijua tangu utotoni: ile haya na heshima inayomtenga mkwe na mkwe, kwamba baba mkwe hampi mkono mkamwana wake, haingii nyumbani kwake, hakai naye ubavu kwa ubavu, na mambo ya uzazi hayatamki akiwa anasikia. Nilichokuwa sijui ni nani pale ukumbini ni mkwe wa nani. Na kilima kile watu wameoana kwa kupita na kurudi, hata haiwezekani watu wawili wasimame bila mmoja kumwonea haya mwingine. Utepe wangu haukupima hatari hata chembe. Ulikuwa umepima ndoa.

Nilicheka hadi chakula kikanipalia. Katibu naye akacheka, akishikilia tumbo, akaniomba ninyamaze asije akazaa hapo hapo.

"Basi mzee mwenyewe anataka nini?" nikamuuliza.

"Mimi nitajua aje? Hayo siwezi kumuuliza. Uliza wewe. Wewe si mkwe ya mtu hapa."

Sijawahi kupewa cheo kilichonifurahisha kama hicho. Nikamtafuta mzee, nikamwomba tusogee nyuma ya ukumbi, kwenye migomba, mbali na masikio. Akasimama akiyatazama majani, si mimi.

"Mwanangu, mimi nilienda pale kulikuwa na nafasi," akasema. "Hiyo maneno ya akina mama siwezi kusema mbele ya watu. Lakini mwambie mgeni hivi. Zamani tulibeba wao kwa kitanda ya miti. Mama ya huyu kijana yangu tulimbeba hivyo, mimi nimeshika nyuma, na tulianguka naye. Mungu tu. Hatari haikuletwa na pikipiki. Hatari tuko nayo hapa tangu zamani. Sisi tumechagua ile ndogo."

Kisha akaongeza kwamba mvua ikinyesha isiteremke peke yake. Watu washike kamba nyuma, na mmoja atembee mbele kuangalia njia.

Nikarudi kwa mgeni nikamweleza kila kitu, habari ya kiti, ya ndoa, na maneno ya migombani. Kwanza hakuamini. Halafu akaniomba nimwonyeshe ni nani mkwe wa nani. Katibu akawa ananionyesha kwa kidevu, nami nikimtafsiria, na kila mmoja aliyetajwa mgeni alishika kichwa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipoyafuta, uso wake ulikuwa umerudi kazini. Akasema sasa anaelewa wanachotaka, ila bado anashindwa kuandika kwamba shirika liko tayari mama aanguke. Juma lile lote aliandika ofisini kwetu, na kila nilipochungulia, mahali pa pikipiki palikuwa peupe.

Siku yake ya mwisho tulikwenda kilimani kuwasomea watu alichokuwa ameandika. Tulipanda asubuhi kukiwa kukavu, tukasoma, watu wakatoa maoni, na tulipofika mahali palipo peupe wingu lilikuwa limekwisha kujaa. Mvua ikapiga mabati kiasi cha kutosikilizana. Mgeni alikuwa bado anatafuta maneno wakati mama mmoja alipoingia ameloa chapachapa, akasema katibu ameshikwa.

Tukaenda mbio, mgeni na mimi, hadi nyumbani kwake. Mumewe hakuwepo, kazi yake iko Keroka. Pikipiki ilikuwa imekwisha kufika uani, injini inanguruma. Mgeni akaniambia nimuulize mama mwenyewe, kwa upole, bila kumsukuma, kama anaitaka. Nikauliza kwa upole wote nilionao, ambao si mwingi.

"Nyinyi bado mnaandika?" katibu akafoka, ameshika mlango. "Leteni pikipiki!"

Hiyo sikuhitaji kuitafsiri. Mgeni aliipata kwa sauti tu.

Nje, kwenye mwanya wa ua, mzee alikuwa amesimama ametupa mgongo. Alikuwa na fimbo, na kofia yake imelegea kwa maji. Hakugeuka tulipomlaza mkamwana wake kwenye godoro, wala tulipoteremsha turubai. Aliposikia gia imeingia akaanza kutembea.

Sijawahi kuona mwendo kama ule. Mzee mbele, akichoma udongo kwa fimbo, akipaza sauti: "Jiwe! Kushoto! Maji, maji, polepole!" Pikipiki nyuma yake, dereva akiimba wimbo wa kanisani kwa mapafu yote. Nyuma ya kigari, akina mama wameshika kamba kukizuia kisikimbie, na miongoni mwao mimi na mtandio wangu umenigandama shingoni, na mgeni na buti zake. Alianguka mapema sana. Alianguka tena baadaye, akateleza kwa makalio akiwa bado ameng'ang'ania kamba, na akina mama wakapiga vigelegele. Ndani ya kigari nilisikia katibu akicheka katikati ya uchungu, akiuliza ni nani huyo.

Mahali palipo na bonde dogo wimbo ulikatika, kwa sababu dereva alikuwa anatafuta pa kupitisha gurudumu. Mzee naye akasimama papo hapo. Hakugeuka. Alisimama mvua ikimpiga, fimbo chini, shingo imekakamaa, na nikajua kwamba kila kilicho ndani yake kinataka kutazama nyuma. Alingoja wimbo. Dereva alipoushika tena, mzee akaenda.

Mtoto alizaliwa zahanati kabla mvua haijaisha. Msichana, mzima, mwenye sauti ya kugombana. Nikatoka kumtafuta babu yake, nikamkuta langoni chini ya paa, uso barabarani.

"Ni msichana," nikamwambia. "Wote wazima."

Akavua kofia, akaikamua kama nguo, akacheka peke yake. Hakuuliza lolote zaidi. Si mambo ya kuuliza. Nyuma yangu mgeni alikuwa ameketi kwenye benchi, matope hadi kwenye nyusi, anaandika. Akanipa nisome. Alikuwa ameandika kwamba kilima hiki kina hatari yake hata shirika lisipokuwepo, na kwamba sisi tuko tayari kubeba hatari ya pikipiki pale mama mwenyewe anapoitaka, kukiwa na watu kwenye kamba na mtu wa kutangulia mbele. Nilimkumbatia na matope yake yote.

Makao makuu hawakukataa, ila waliuliza swali moja: huyo mtu wa kutangulia mbele ana cheo gani? Mgeni, aliyekuwa amekwisha kurudi kwao, alinitumia jibu alilowapa, na nikacheka ofisini peke yangu mpaka dereva wetu akaja kuangalia. Aliwajibu kwa neno moja: babu. Wakapitisha.

Nilipokwenda Kenyenya kuwasomea watu tamko lililopitishwa, ukumbi ulikuwa umejaa na utepe wangu ulikuwa bado sakafuni, umechakaa kwa viatu. Mtu mmoja mchokozi akapaza sauti kwamba tupimwe tena, sasa tunajua mchezo. Watu wakaangua kicheko, wakainuka. Katibu akaenda kwenye TUKO TAYARI na mtoto wake mgongoni, na safari hii walikuwa wamempelekea kiti huko huko. Mzee akamwona. Akasimama kidogo, akakuna kidevu, kisha akauzunguka ukumbi wote hadi upande wa pili, akasimama chini ya HAPANA KABISA, yeye aliyetembea mbele ya ile pikipiki. Tulivunjika mbavu.

Halafu akaniita kwa mkono. "Mwanangu, niletee huyo mdogo. Huyo hatuna chinsoni naye."

Nikaenda kwa katibu, akamfungua mtoto na kunipa. Nikavuka naye ule utepe kutoka mwisho hadi mwisho. Mzee akampokea, akamwinua, akamtania kama babu anavyomtania mjukuu wa kike.

"Mke wangu," akamwambia, "wewe ndiye uliyepanda. Tuambie. Pikipiki au hapana?"

Mtoto akapiga mwayo mkubwa. Mzee akatangaza kwamba amesema ndiyo, ila siku nyingine wimbo uwe mpya, huo anaujua. Dereva wa pikipiki akaahidi mbele ya wote. Kicheko kilipotulia, mzee alikuwa bado amemshika mtoto, anamtazama yeye tu.

"Mwambie mama yake," akaniambia, "amefanya kazi nzuri."

Ukumbi ule si mkubwa. Katibu alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo nikavuka, nikamwinamia, nikamwambia. Akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Mwambie asante," akasema, "kwa kutangulia."

Nikarudi upande wa pili, nikamwambia.